Nawekaje alama ya kadirio kwenye seli bila kuharibu jumla?

karani_njoro

Hamjambo wanajukwaa. Nina faili ya maziwa ya kikundi huku Njoro, wanachama 85. Laha inaitwa Kilo. Safu A ni namba ya mwanachama, B ni jina, C hadi AG ni siku ya 1 hadi ya 31, na AH ni jumla ya mwezi: =SUM(C2:AG2).

Mizani ya umeme ikizima, maziwa hupimwa kwa kijiti cha lita ndani ya mkebe, kisha kilo zinakadiriwa. Kadirio huandikwa 14* au ~14. Pale mpokeaji anapokosa uhakika kabisa huandika 10-12.

Jumla sasa hazieleweki. Wengine zimepungua, na kuna mmoja amepata kilo zaidi ya elfu 46 kwa mwezi, na ana ng'ombe wawili tu. Ninachotaka ni hivi: jumla iwe sahihi, alama ionekane kwenye karatasi ya ubaoni, ambayo printa yetu hutoa nyeusi na nyeupe, kwa hivyo rangi peke yake haitoshi, nijue kila mwezi kilo ngapi ni za kukadiria, na faili ya CSV ya malipo (ile ya maandishi matupu, thamani zikitenganishwa kwa mkato) isikataliwe. Ofisini tunatumia Excel, lakini mpokeaji mmoja hujaza kwa simu kwenye Google Sheets.

---

mahesabu_kisumu

Ndugu karani, una magonjwa mawili tofauti hapo, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni kinyota na kiwimbi. Ukiandika 14* ndani ya seli, hiyo si namba tena, ni maandishi. SUM ikikutana na maandishi ndani ya masafa huyaruka bila kusema neno. Hata ile pembetatu ya kijani ya kuonya haitokei, kwa sababu Excel huitoa pale maandishi yanapofanana kabisa na namba, na 14* hayafanani. Dalili pekee ni kwamba 14* inaegemea kushoto na namba halisi zinaegemea kulia, lakini mtu akishaweka kila kitu katikati ya seli, dalili hiyo imekufa.

Chukua mwanachama anayeleta kilo 14 kila siku kwa siku 31. Anastahili kilo 434. Siku 3 zikiandikwa 14*, SUM inatoa 392. Kilo 42 zimepotea, na kwa mfano wa shilingi 50 kwa kilo hiyo ni shilingi 2,100. Halafu tazama ubaya wake: AVERAGE nayo huruka maandishi, kwa hivyo inagawanya kwa 28 na kukupa 14 kamili. Wastani unaonekana mzuri huku jumla ikiwa mbovu, kwa hivyo ukikagua kwa wastani hutagundua kitu.

La pili ni 10-12. Excel na Sheets huigeuza kuwa tarehe, na tarehe ndani ya lahajedwali ni namba ya siku zilizohesabiwa tangu mwaka 1900. Tarehe 10 Desemba 2025 ni 46001. Hiyo SUM haiiruki, inaijumlisha. Ndio huyo mwenye ng'ombe wawili.

Kabla ya kurekebisha lolote, pima ukubwa wa tatizo. Seli ngapi ni maandishi:

=COUNTA(C2:AG86)-COUNT(C2:AG86)

Seli ngapi zimegeuka tarehe:

=COUNTIF(C2:AG86,">1000")

Usifute kinyota hata kimoja kwanza. Ukivifuta sasa utapoteza habari ya ipi ilikuwa kadirio.

---

jedwali_kitale

Nyongeza kwa wale walio na kawaida ya kuandika "e" badala ya kinyota. 450e ni maandishi, lakini 450e2 ni 45,000, kwa sababu kompyuta huisoma kama 450 mara 10 kipeo cha 2.

Na tafadhali, ukifika hatua ya kufuta vinyota ndani ya Excel, usiandike * kwenye kisanduku cha kutafuta. Katika Find and Replace ya Excel kinyota maana yake ni "chochote kile". Ukibadilisha * kuwa tupu, umefuta laha nzima. Andika ~* ili kutafuta kinyota chenyewe, na ~~ ili kutafuta kiwimbi. Kwenye Google Sheets kinyota huandikwa kama kilivyo, mradi hujawasha utafutaji wa regex, yaani wa kutumia ruwaza.

---

fundi_fomati

Njia fupi ni kuacha namba iwe namba na kuiagiza Excel ichore kinyota. Chagua seli ya kadirio, bonyeza Ctrl+1, nenda Number, kisha Custom, andika:

0.0"*"

Seli ina 14, inaonekana 14.0*, na SUM inaona 14. Kwenye Google Sheets ni Format, Number, Custom number format, na unaandika vilevile.

Alama za kunukuu ni lazima. Kinyota bila nukuu ndani ya fomati kina kazi nyingine, huamuru herufi inayofuata irudiwe mpaka seli ijae. Herufi kama d, m, y, h na s husomwa kama siku, mwezi, mwaka, saa na sekunde. Kwa hivyo chochote usichotaka kifasiriwe, kitie ndani ya nukuu.

Jambo dogo la macho: kinyota husukuma tarakimu kushoto, na safu inaonekana imepinda. Seli halisi zipe fomati 0.0_) ili ziache nafasi ndogo upande wa kulia. Hazitalingana kwa unywele, lakini karatasi itasomeka.

---

mahesabu_kisumu

Fomati ya fundi_fomati ni sahihi, ila ikiwekwa kwa mkono seli moja moja italeta shida tatu.

Hakuna fomula ya kawaida inayoweza kuisoma. Huwezi kuuliza "jumlisha zile zenye kinyota" ikiwa kinyota ni mchoro tu. Unaweza kuzitafuta kwa Ctrl+F, Options, Format, lakini huko ni kuhesabu kwa macho.

Halafu mwezi mpya ukifika, karani hunakili laha ya zamani, huchagua C2:AG86 na kubonyeza Delete. Delete hufuta namba, haifuti fomati. Tarehe 9 mtu anapima kilo 15 kwa mizani nzima na seli inaandika 15.0* yenyewe. Sasa kipimo halisi kimeitwa kadirio, na hakuna atakayejua.

La mwisho ni hiyo CSV yako. Excel ikihifadhi CSV huandika kile kinachoonekana, si kile kilichomo. 14 itatoka kama 14.0*, na mfumo wa malipo utaikataa au utaisoma kama sifuri. Sheets nayo hufanya hivyo. Kwenye LibreOffice kuna kisanduku cha kuchagua kati ya mambo hayo mawili wakati wa kuhifadhi.

Kwa maoni yangu alama ni data, kwa hivyo ipewe seli yake. Kinyota kiwe matokeo ya alama hiyo.

---

karani_njoro

Nimefuata hesabu zako: seli 61 za maandishi, na tarehe 1. Swali langu, hiyo seli ya alama naiweka wapi? Siku zimejipanga kwa safu. Nikiongeza safu ya alama kando ya kila siku nitakuwa na safu 62, na karatasi ya A4 haitoshi.

---

mahesabu_kisumu

Tengeneza laha pacha. Nakili laha ya Kilo nzima, iite Alama. Namba za wanachama kwenye safu A ziwe palepale, siku zilezile C hadi AG. Kisha fuata mpangilio huu huu, usiruke.

Kwenye Alama, futa yaliyomo C2:AG86, halafu seli C2 iandike:

=IF(OR(ISNUMBER(FIND("*",Kilo!C2)),ISNUMBER(FIND("~",Kilo!C2))),"K","")

Nimetumia FIND na si SEARCH kwa makusudi. SEARCH huchukulia kinyota kama "chochote", kwa hivyo ingeweka K hata kwenye kipimo halisi. Buruta fomula mpaka AG86. Hesabu K kwa =COUNTIF(C2:AG86,"K"). Ukipata 61, vizuri. Ukipata pungufu, kuna seli zenye maandishi ya aina nyingine, kama "hakuleta" au kistari, na hizo uzitazame moja moja.

Sasa nakili C2:AG86 ya Alama na uibandike palepale kwa Paste Values. Hatua hii ndiyo watu husahau. Ukiiacha, ukishafuta vinyota kwenye Kilo, K zote zitatoweka kwa sababu fomula haitapata cha kutafuta.

Ndipo urudi Kilo, ufute ~* na ~~ kama alivyosema jedwali_kitale. Excel husoma upya kilichobaki na 14 inakuwa namba. Kama seli ilipewa fomati ya Text tangu mwanzo, itabaki maandishi. Igeuze kuwa General, chagua safu hiyo moja, nenda Data, Text to Columns, bonyeza Finish. Rudia kwa kila safu iliyoathirika. Mwisho COUNTA kutoa COUNT iwe sifuri, au ibaki na yale ya "hakuleta" tu.

Ile tarehe usijaribu kuigeuza kwa fomula. Andika 11 kwa mkono, weka K upande wa pili.

Baada ya hapo kinyota. Chagua Kilo C2:AG86, Home, Conditional Formatting, New Rule, chagua ile ya kutumia fomula, andika:

=Alama!C2="K"

Bonyeza Format, kichupo cha Number, Custom, 0.0"*". Ongeza na italiki kama unataka. Kuanzia hapo ukiandika K kwenye laha ya Alama, kinyota kinatokea Kilo chenyewe. Ukifuta K, kinaondoka. Mwezi mpya unafuta namba na K, na hakuna kinyota kinachobaki nyuma.

Kilo za kukadiria kwa mwanachama, safu AI:

=SUMPRODUCT(--(Alama!C2:AG2="K"),C2:AG2)

Tumia mkato kati ya sehemu hizo mbili, si alama ya kuzidisha. Kwa mkato, neno "hakuleta" linahesabiwa kama sifuri. Kwa kuzidisha, neno moja tu linaangusha fomula yote kwa #VALUE!.

---

mita_nyalenda

Sisi wa mita za maji tatizo ni lilelile: nyumba imefungwa, mita haisomeki, bili inakadiriwa. Nakubali laha pacha ila ina mtego mmoja mkubwa. Mtu akipanga Kilo kwa jina kutoka A hadi Z, Alama haisogei. K zote zinabaki mahali pa zamani na sasa zinawatuhumu watu wengine.

Weka mlinzi. Kwenye laha ya Alama namba za wanachama ziandikwe kama thamani, kisha safu AH ya Alama iwe =A2=Kilo!A2. Juu kabisa weka =COUNTIF(AH2:AH86,FALSE) na uipake rangi nyekundu ikizidi sifuri. Ikitokea nyekundu, bonyeza Ctrl+Z mara moja kabla ya kuhifadhi.

Na mwenye simu: Conditional Formatting ya Google Sheets haibadilishi fomati ya namba. Inabadilisha rangi, maandishi mazito, italiki, mstari chini na mstari wa kufuta, basi. Tena haikubali kutaja laha nyingine moja kwa moja, mpaka upitie INDIRECT:

=INDIRECT("Alama!"&ADDRESS(ROW(C2),COLUMN(C2)))="K"

Huko chagua italiki na mstari chini. Vyote viwili vinaonekana kwenye karatasi nyeusi na nyeupe.

---

bungoma_data

Mbona mnajisumbua na pacha? Andika hivi ndani ya seli:

=14+N("mizani imezima, kijiti")

N ya maandishi ni sifuri, kwa hivyo jibu ni 14 na sababu imekaa ndani ya seli yenyewe. Inafanya kazi Excel, Sheets na LibreOffice. Kuzipata zote, fanya Conditional Formatting kwa =ISFORMULA(C2), kwa sababu vipimo halisi ni namba tupu na makadirio pekee ndiyo fomula. Ukipanga laha, sababu inasafiri na namba yake.

---

mahesabu_kisumu

bungoma_data, hiyo ni nzuri kwa bajeti ya mtu mmoja. Kwa faili ya watu watatu inakufa siku mtu anapobandika kwa Paste Values, na hufa kimya. Pia mpokeaji aliye kwenye foleni ya asubuhi na simu mkononi hataandika mabano na nukuu. Ataandika K, herufi moja.

Ila nakupa haki kwenye kupanga laha. Hapo mbinu yako inaishinda yangu.

---

jedwali_kitale

Kama mko tayari kubadilisha mpangilio, acheni pacha na N zote mbili. Ingizeni kwa orodha ndefu, mstari mmoja kwa kila uletaji: A tarehe, B namba ya mwanachama, C zamu (asubuhi au jioni), D kilo, E alama, F sababu. E iwe H kwa halisi au K kwa kadirio, kwa orodha ya kuchagua kupitia Data Validation. D nayo iwekee Data Validation ya Decimal kati ya 0 na 200, na hapo 14* na 10-12 zitakataliwa mlangoni. Lakini Data Validation haizuii kilichobandikwa, inazuia kilichoandikwa tu.

Wanachama 85, zamu 2, siku 31 ni mistari 5,270 kwa mwezi. Excel ina mistari 1,048,576 kwa laha, kwa hivyo mwaka mzima unaingia bila jasho. Karatasi ya ubaoni inatoka kwa Pivot Table, jedwali la muhtasari linalojumlisha orodha lenyewe. Kilo za kukadiria ni =SUMIFS(D:D,E:E,"K"). CSV inatoka safi, na mkitaka H na K ziende pia, zinaenda katika safu yao bila kugusa kilo.

---

karani_njoro

Hiyo ya orodha ndefu nitaipeleka kwa mwenyekiti kwa mwezi ujao; mwezi huu naenda na pacha. Swali lingine: kadirio lenyewe linatoka wapi? Kwa sasa ni kichwa cha mpokeaji.

---

jedwali_kitale

Kama kuna kijiti, kijiti kwanza. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, kwa hivyo lita 40 ni kilo 41.2. Kuandika lita kama kilo ni kumpunja mkulima karibu asilimia 3 kila mara. Na subiri povu litulie kabla ya kusoma kijiti, kwa sababu povu ni hewa.

Kama hakuna kijiti, wastani wa vipimo halisi vya siku 7 zilizotangulia, kwa zamu hiyohiyo. Katika orodha ndefu, mstari wa 200:

=ROUND(AVERAGEIFS(D:D,B:B,B200,C:C,C200,E:E,"H",A:A,">="&A200-7,A:A,"<"&A200),1)

Sharti la "H" ndilo roho ya fomula hii. Ukiliacha, kadirio la leo linajengwa juu ya kadirio la jana, na mizani ikikaa wiki mbili bila kutengenezwa mnalipa namba zinazojilisha zenyewe. Ikitoa #DIV/0! maana yake ni kwamba hakuna kipimo halisi hata kimoja ndani ya siku 7. Hilo si kosa la fomula. Hapo mkae na mwanachama mkubaliane, na F iandikwe hivyo.

Usiiweke ndani ya safu D. Inasoma D:D nzima, ikiwa ndani yake Excel italalamika kwamba inajizunguka, hata kama mstari huo una K. Iweke safu G, iite Pendekezo, kisha namba yake iandikwe D kwa mkono.

---

fundi_fomati

Na msiandike kadirio lenye desimali mbili. 13.86 inayotoka kwenye wastani inamdanganya anayesoma ubao kwamba ilipimwa.

---

karani_njoro

Ahsanteni sana. K ziko 61 pamoja na ile niliyoandika kwa mkono, jumla 62, mlinzi wa mita_nyalenda ni sifuri. Limebaki moja: kwenye karatasi ya ubaoni nataka hata AH, jumla yenyewe, iwe na kinyota pale ambapo ndani yake kuna kadirio.

---

mahesabu_kisumu

Conditional Formatting nyingine kwa AH2:AH86:

=COUNTIF(Alama!$C2:$AG2,"K")>0

Fomati ileile. Dola iko mbele ya herufi tu, si mbele ya 2, la sivyo wanachama wote watasoma mstari wa kwanza. Kuna watu hufanya hivi kwa =TEXT(SUM(C2:AG2),"0.0")&"*", usiifuate: hiyo inarudisha maandishi, na jumla kuu ya kikundi chini ya AH itairuka kama ilivyoruka 14*.

Kabla ya kutuma malipo, fungua CSV kwa Notepad na si kwa Excel, tafuta kinyota. Ukikikuta, tengeneza laha ya tatu inayovuta namba tu, =Kilo!A2 na =Kilo!AH2, bila Conditional Formatting yoyote, na utoe CSV kutoka hiyo.